Lori Likikosa Nguvu

Lori la dizeli limepakia dagaa Mwaloni, Kirumba. Dereva anakanyaga mafuta, lori halivuti. Taa ya injini inawaka. Je, tufungue pampu? Hapana, tusiharakie.

Zamani pedeli ilivuta waya hadi kwenye pampu. Malori mengi ya siku hizi yana kifaa kwenye pedeli, kiitwacho sensa. Hicho hupeleka habari mbili kwenye kompyuta ya gari. Habari zisipolingana, kompyuta hupunguza nguvu, lori lisije likakimbia lenyewe.

Basi tuzime injini, tuweke jiwe tairini, tuchomoe betri. Tukague soketi ya pedeli. Ina maji? Ina kutu? Waya umekatika? Tuisafishe, tuikaushe, tuifunge imara. Ikishindikana, fundi apime sensa ndipo tununue nyingine. Tusiunge waya kwa kubahatisha. Barabarani kuna watu.