Kinga Ipakiwe Kabla ya Magunia

Leo nasema na mashofere wa Kamina na wa Haut-Lomami nzima, na kila mwenye kinga, yaani baiskeli, anayetaka kusafiri nayo.

Mji wetu wa Kamina ni njia panda. Tangu reli ya kwenda Kabalo ilipofunguliwa mwaka 1956, njia za Lubumbashi, Ilebo na Kalemie zinakutana hapa, na behewa la mizigo linapokea kinga nzima bila kufunguliwa hata nati moja. Lakini treni haipiti kila siku. Mwenye haraka anakwenda parkingi, anakuta gari dogo limeshajaa magunia ya unga nyuma, na kinga yake inatupwa juu ya paa mwisho kabisa, imefungwa kwenye spoki. Rimu ikipinda njiani, shofere hana hasara. Hasara ni ya yule aliyetegemea kusukuma mahindi au kubeba abiria kesho yake.

Mimi nasema kinga ipakiwe kwanza, magunia yafuate. Legeza nati za gurudumu la mbele. Kama breki ni za vyuma, si za kebo, ondoa kwanza ule upinde unaoshika rimu kwa ndani. Gurudumu likitoka, rudishia nati kwenye ekseli zisipotee. Halafu kata kijiti chenye urefu wa kuenea kati ya miguu miwili ya uma, ukibane hapo. Wengi hawafanyi hivyo, na uma mtupu ukikandamizwa na gunia hujikunja, gurudumu likakataa kurudi. Geuza usukani ulale sambamba na fremu, shusha kiti. Pedali nazo zitoke, kwa kle (spana) ya 15. Ya kulia hufunguka kama nati yoyote; ya kushoto huzungushwa kinyume, na ndiyo vijana huikaza wakidhani wanaifungua, mpaka kle inateleza. Ilaze kinga ndani ya gari, mnyororo ukiwa juu.

Isipoenea, basi iende kwenye paa, lakini ifungwe kwenye fremu, kwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu kuukuu, na kitambaa kiwekwe pale chuma kinapogusa chuma. Baada ya mashimo ya kwanza simama uikague, maana mpira hulegea. Kuining'iniza nyuma mpaka ifunike taa, hapana kabisa. Usiku anayekufuata hataona umefunga breki.

Bei na mahali pa kinga vikubaliwe kabla gunia la kwanza halijapanda, na mwenyewe aachwe aifunge kwa mikono yake. Na wewe, papa shofere, mkifika usimwache barabarani na vipande mkononi. Mwazime kle, mngoje akaze nati na ajaribu breki, kwa sababu mzigo wake ataupakia hapo hapo.