Pima Kisima Kabla ya Kununua Pampu



Mkulima atakaye pampu ya kumwagilia shamba lake, kabla hajafika dukani, na afunge jiwe katika kamba, akapime maji ya kisima chake yako chini kiasi gani. Kamba hiyo yaweza kumwokoa asipoteze fedha za mavuno ya mwaka mzima.

Watu wengi hudhani ya kuwa injini kubwa huvuta maji kutoka kina chochote. Sivyo. Pampu iliyowekwa juu ya ardhi huondoa hewa iliyomo ndani ya bomba tu. Uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Mombasa, penye usawa wa bahari, hewa haiwezi kuyainua kupita mita 10 hivi, na kwa kazi ya kila siku ni mita 7 tu. Nakuru, ambako nchi imeinuka kiasi cha mita 1,850, hewa ni nyepesi zaidi; huko mkulima asitumaini zaidi ya mita 5. Maji yakiwa mita 12 chini, injini itanguruma bure na miche itakauka. Hapo yafaa pampu ya kuzamishwa majini, ambayo huyasukuma maji kutoka chini.

Jambo la pili ni kiasi cha maji. Ekari moja ya mboga, ikihitaji milimita 5 kwa siku, hutaka lita 20,000 hivi. Kwa kazi ya saa 5, pampu lazima itoe lita 4,000 kila saa. Lakini kisima kikijaa polepole kuliko hivyo, pampu itakikausha. Basi na apunguze eneo la kumwagilia, au ajenge tangi.

Tatu, kibandiko cha pampu kikisema mita 30 na lita 30,000 kwa saa, mnunuzi asidhani atapata yote mawili pamoja. Kwenye mita 30 maji hukoma. Na lita 30,000 hutoka pasipo kupandishwa mahali. Na amwulize mwenye duka: “Nikiyapandisha mita 20, nitapata lita ngapi?” Tena akumbuke kwamba bomba refu na jembamba hupunguza maji.

Atakayechota mtoni na aombe kwanza kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kama sheria ya mwaka 2016 inavyotaka, kwa kuwa walioko chini ya mto nao wana mashamba.