Ada ya Chuo, Shamba la Mjane



Mume akifa, yapo mashamba ya mikorosho yanayogombewa hata arobaini haijafika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Lakini mjane atajuaje? Anahitaji mtu wa hapo kijijini wa kumweleza haki yake, kumwandikia barua na kumwelekeza kwenye baraza la ardhi.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamtambua msaidizi wa kisheria. Yeye si wakili, na huduma yake ni bure. Kwa hiyo gharama ya masomo yake haitalipwa na mjane. Tuilipe sisi. Karibuni tuchange.