Redio ya kusikilizia foni: majina mengi, mashine aina moja
(Maneno ya kwenye kikao cha wanamemba)



Mliniomba nieleze ile redio ya kusikilizia foni, mbele mutoe kotizasio. Muuzaji ameleta bei mbili: moja ya «homodini», ingine ya «zero-FI», na hiyo ya pili iko bei kali. Niseme wazi: hayo ni majina mawili ya mashine ya aina moja.

Redio zetu za nyumbani hazielewi foni. Foni inatuma upande mmoja tu wa sauti, bila lile wimbi la kuibeba. Mukiikamata, munasikia kelele sawa ya bata.

Redio ya kawaida inafanya hatua mbili: inashusha wimbi kwanza, mara nyingi mpaka kiloherzi 455, ndipo inatoa sauti. Hii ingine inaruka hatua ya katikati. Ndani yake kuko kifaa kidogo chenye kutengeneza wimbi lake. Tuseme foni iko kwa kiloherzi 6,900. Na sisi tunatengeneza 6,900. Kipande cha sauti kikifika kwa 6,901, mashine inatosha 6,900, inabaki 1. Hiyo 1, sikio linaisikia. Ni hesabu ya chenji tu.

Juu mawimbi mawili yako sawa, Mwingereza Colebrook aliiita homodini mwaka 1924. Mwaka 1947 Tucker aliita yake sinkrodini, kwa sababu wimbi la ndani linafungwa lifuate lile la nje. «Zero-FI» maana yake hatua ya katikati ni sifuri. Wengine wanasema konversio direkti.

Lakini iko na shida moja. Kitu kikifika kwa 6,899, hesabu inatoa pia 1. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kusikika pamoja, na habari ya ndugu yako njiani ikapotea. Kuko mashine zenye kufuta upande ule wa pili. Hizo zinaongezewa pesa kwa haki.

Basi, tumuulize muuzaji: inafuta upande wa pili? Inakula pile ngapi? Na tukumbuke, hii inapokea tu, haitumi. Hata hivyo, komite iende kwanza kuuliza ruhusa, mtu asishikwe nayo njiani.

Tuijaribu hapa, jioni, wote tukisikia, ndipo mhazini afungue sanduku.