Haraka ya nani? Karte zetu, mashini zao na mikataba ya pembeni

(Maongezi mbele ya vijana wa Kasongo na Kabambare)



Nimeombwa kusema juu ya sheria ya masoko ya serikali. Najua, ni jambo la kuleta usingizi. Mimi nina diploma ya universite na sina kazi, kwa hiyo wakati wa kusoma sheria ninao. Ninyi fanyeni kitu kimoja tu: toeni karte ya mchaguzi mfukoni. Picha ingali inaonekana? Na jina?

Hizi karte zilitolewa huku Maniema kuanzia Februari 2023, CENI ilipokuja kuandikisha watu. Nchi nzima zikaanza kufutika mbele hata ya uchaguzi, mpaka ikabidi watoe duplikata. Na kwetu karte si ya kuchagulia tu. Hesabu ya mwisho ya watu wa Kongo ilifanywa 1984, kitambulisho kingine hatuna. Ndiyo hiyo unaonyesha kwenye baryeri, ndiyo unaandikishia namba ya simu. Ikifutika, na wewe umefutika, na kwenye baryeri kufutika kuna bei yake.

Basi mtu akisema mashini za serikali zimezeeka, sherti zibadilishwe upesi, mimi nakubali. Sina ugomvi na haraka. Nauliza tu: haraka ya nani?

Sheria iko, namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010. Inasema hivi: serikali ikinunua, mashindano ya wazi ndiyo kawaida. Kupatana na kampuni moja pembeni, ile wakubwa wanaita gré à gré, ni kwa nadra: kampuni moja tu ndiyo yenye haki ya kutengeneza kile kitu, ao kuna dharura kweli kweli. Na hata hapo, ofisi ya udhibiti, DGCMP, itoe ruhusa kwanza. Lakini kwetu dharura tunaipika wenyewe. Mamlaka ya rais ni miaka 5, kila mtoto wa shule anajua. Uchaguzi hauanguki kutoka mbinguni! Miaka inapita, halafu mwishoni unasikia: hakuna tena wakati wa mashindano.

Angalieni kitambulisho cha taifa. Mkataba wa karibu dolari miliari 1,2 ulipewa Afritech pamoja na Idemia ya Ufaransa, bila mashindano ya wazi. Tarehe 30 Juni 2023 rais akapokea karte ya kwanza mbele ya kamera. Inspection générale des finances ikapiga kelele juu ya bei, na mwaka 2024 serikali ikatangaza mkataba umekwisha. Nani hapa amekwisha kuishika karte hiyo? Nyoosha mkono. Eee, ndivyo nilivyofikiri.

Pasaporti je? Mwaka 2015 kazi ilipewa Semlex ya Ubelgiji, mwananchi akawa analipa dolari 185. Mwaka 2017 Reuters ikaonyesha kwamba katika hizo, serikali yetu ilikuwa inabakiwa na 65 tu. Kijana wa Kasongo anayetaka kwenda kusoma Tanzania ndiye aliyelipa zingine.

Na mashini za kuchagua, sisi wa huku tunazijua. Zilinunuliwa kwa Miru Systems ya Korea Kusini kwa uchaguzi wa 2018, zaidi ya 100 000. Mwaka 2023 za zamani zikatengenezwa, mpya zikaongezwa. Tarehe 20 Desemba zikafika: mahali pengi katika nchi biro zilichelewa kufunguliwa, kwengine batri zimekufa, CENI ikaongeza siku. Unanunua mashini Korea bila kuuliza nani ataichaji Kabambare? Kule umeme ni pano ya jua juu ya nyumba ya mwenye nafasi.

Wala si Kongo pekee. Uganda mwaka 2010 waliwapa Mühlbauer ya Ujerumani kitambulisho chao, pia bila mashindano. Miaka miwili baadaye, baada ya mamilioni ya ero, karte zilizotoka zilikuwa mia chache. Hiyo ndiyo haraka?

Kurahisisha kunawezekana bila kuficha. Kazi kubwa ikatwe vipande, ili kampuni moja isitushike shingo. Karatasi za mashindano ziandikwe sasa, si 2028. Mkataba utangazwe wote, na bei ya kila kipande. Malipo ya mwisho yangoje mashini iwake Kasongo, si Kinshasa kwenye sherehe. Na jambo ninalolishikilia sana: vipuri, na mafundi wa kila teritwari. Vijana wanaotengeneza simu pale sokoni wanajua batri kuliko minista. Wafundishwe, walipwe. Tena orodha ya majina yetu na alama za vidole ibaki mali ya nchi, hata kampuni ikifukuzwa kesho.

Barua kwa wabunge wetu wa Kasongo na Kabambare iko mezani, kurasa mbili. Inauliza maswali matatu: ONIP imefika wapi na kitambulisho, karte za 2028 zitanunuliwa kwa njia gani, na nani atalipa duplikata za zile zilizofutika. Isome kwanza, usitie sahihi kwa kunifurahisha. Kalamu iko moja, mnirudishie.