Kura ya Jeshi la Mgambo katika Uingereza ya Karne ya 18, na Matumizi ya Orodha Zake



Waandalizi wa semina hii wameniagiza nianze kwa kueleza mgambo ni nini, kura ni nini, na askari wa hiari hutofautiana vipi na wa lazima. Hadhirina wayajua hayo yote, nami nitayapita upesi. Sheria ya mwaka 1757, iliyopitishwa wakati Uingereza ikihofia kuvamiwa na Wafaransa, ilizitaka kaunti za Uingereza na Wales zitoe watu 32,000 wa kulinda nchi yao wenyewe, si kupelekwa ng'ambo. Kila kaunti ikapangiwa fungu lake, na fungu hilo likajazwa kwa kura baina ya wanaume wa miaka 18 hadi 50, umri ambao baadaye ulipunguzwa ukaishia 45. Muda wa utumishi ulikuwa miaka 3, kisha ukawa 5. Maelezo hayo yatosha.

Lililo muhimu ni namna kazi yenyewe ilivyotendeka kijijini. Konstebo, ambaye aghalabu alikuwa mkulima au fundi wa papo hapo, aliandika majina ya wanaume wote waliofikia umri, akaibandika orodha mlangoni pa kanisa ili kila mtu aione, na mwenye udhuru akapewa siku ya kwenda kuueleza mbele ya manaibu wa liwali wa kaunti. Nyudhuru zilikuwa nyingi, na sheria ilizitambua: makasisi, mabaharia, wanagenzi, mtu mwenye kimo cha chini ya futi 5 na inchi 4, kilema, na maskini mwenye watoto wa halali (sheria ya 1802 ilitaka wawe zaidi ya mmoja). Ndiyo sababu msomaji wa orodha hizo, kama zile za Northamptonshire za mwaka 1777, hukutana na wafumaji, washona viatu na watumishi wa mashambani wamepangwa mstari kwa mstari, na kando ya jina pameandikwa kwamba huyu ni chongo, yule ana kifafa, na mwingine ni fukara mwenye wana watatu. Konstebo hakuwa akiandika historia. Alikuwa akiwaondolea jirani zake mzigo, na pengine akiwaongezea wale asioelewana nao.

Aliyeangukiwa na kura alikuwa na njia tatu: ale kiapo ajiunge, atafute badali wa kwenda mahali pake, au alipe faini ya pauni 10 na kuachwa kwa muda, kisha jina lake lirudi tena katika kura. Pauni 10 ni shilingi 200, na kibarua wa shamba wa zama zile alipata shilingi 7 au 8 kwa wiki. Faini hiyo basi ilikuwa ujira wa nusu mwaka, nayo haikumtoa kabisa. Tajiri aliitoa bila kukunja uso. Maskini hakuwa nayo, na kwa ajili hiyo wanyonge walibuni dawa yao wenyewe: vyama vya bima ya kura. Watu wa kijiji walikutana, aghalabu katika nyumba ya ulevi, kila mmoja akatoa mchango wake kabla ya siku ya kura, na fedha hizo zikatumika kumnunulia badali yeyote miongoni mwao ambaye jina lake lingetoka. Mchango mdogo uliolipwa na wengi ulimwokoa mmoja na hasara ya kumfilisi, na jambo hili, kwa maoni yangu, lastahili heshima kubwa zaidi kuliko ile linayopewa vitabuni. Vita na Ufaransa vilipopamba moto, bei ya badali ilipanda sana, hata maofisa wa jeshi la kawaida wakalalamika kuwa vijana hawataki tena kwenda ng'ambo kwa fedha kidogo ilhali kuna fedha nyingi zaidi za kukaa nyumbani kama badali wa mgambo. Parokia nazo zilikuwa na hesabu zao: kwa kuwa ziliwajibika kuwalisha mke na watoto wa askari wa mgambo, zilimpendelea badali asiyeoa.

Wapo waliokataa kwa sababu ya dini. Jamaa wa Marafiki (Quakers), ambao wenzetu wa Kaimosi wanawafahamu vyema, hawakubali kupigana, wala kulipa ili mwingine apigane badala yao. Basi serikali ilimkodi badali, na gharama ikatwaliwa kwa kukamata mali zao. Na wapo waliokataa kwa mikono. Mwaka 1757 makundi ya watu katika Yorkshire na Lincolnshire yaliwaendea wakubwa wakataka orodha, wakaichanachana, kwani ilivuma kuwa watapelekwa ng'ambo. Tarehe 9 Machi 1761 umati ulikusanyika Hexham, nao wanamgambo wa North Yorkshire, ambao wenyewe walitokana na sheria hiyo hiyo, wakaufyatulia risasi. Waliokufa walizidi 40. Sheria ya namna hiyo ilipofikishwa Uskoti mwaka 1797, kazi ya kuandika majina walipewa walimu wa parokia, na walimu hao wakavamiwa majumbani na kunyang'anywa madaftari. Huko Tranent, tarehe 29 Agosti, askari waliwaua takriban watu 12.

Sasa nifike kwenye jambo lililonichosha kwa miaka mingi. Orodha ya konstebo ni orodha ya waliopaswa kupigiwa kura. Si orodha ya walioangukiwa na kura, wala si ya waliokula kiapo, wala si daftari la askari waliohesabiwa kambini. Karatasi hizi ni za aina nne mbalimbali, na baina ya ya kwanza na ya mwisho mna nyudhuru, faini, vyama na badali. Mtu aliyeandikwa katika ya kwanza aweza kabisa asionekane katika ya mwisho, na wengi waliomo katika ya mwisho walikwenda kwa niaba ya wenzao. Hata hivyo ofisi moja ya kumbukumbu, ambayo adabu yanizuia kuitaja, imeziweka zote chini ya kichwa kimoja, "Askari wa Mgambo", nami nimeandika, nikajibiwa kwa upole, nikaandika tena, nikajibiwa kwa upole zaidi. Matokeo ni kwamba wanafunzi huhesabu majina ya kijiji kizima, wakatangaza kwamba kijiji hicho kilikuwa na moyo wa vita. Mbaya zaidi, huichanganya orodha ya konstebo na hesabu ya Buckinghamshire ya 1798, iliyowaandika wanaume wa miaka 15 hadi 60 kwa shabaha nyingine kabisa. Sisemi kwamba wakuu wa ofisi hiyo hawana nia njema. Nasema nia njema haijabadilisha kichwa cha habari.

Kwa hiyo napendekeza, kwanza, kwamba karatasi hizo zitenganishwe kwa aina nne katika orodha zetu. Pili, walimu wasimpe mwanafunzi orodha ya konstebo bila kumpa pamoja nayo daftari la kiapo, panapopatikana. Tatu, hesabu za vyama vya bima na vitabu vya wasimamizi wa maskini wa parokia visomwe sambamba, maana humo ndimo badali huonekana kwa jina na kwa bei. Nne, maelezo ya kando ya jina yanakiliwe yote, hata yale ya chongo, wala yasiachwe kwa kisingizio cha nafasi. Tano, na hili ni la kwanza limerudi, aina nne zitenganishwe. Sita, kamati ndogo ya watu watatu iandikie ofisi niliyoidokeza, kwa heshima zote, ikiomba tarehe maalumu ya kufanya marekebisho. Na endapo jibu litakuwa la upole peke yake, semina ijayo iambiwe.