Moshi wa jaa ni kazi ya nani?

Haya ndiyo niliyosema kwenye kikao chetu cha mtaa. Nimeyakata vipande yasomeke kwa simu. Sitaji mwanasiasa wala chama.

1. Kila kampeni tukiuliza kuhusu moshi, jibu ni lile lile. Wa kaunti anasema ni kazi ya serikali kuu. Wa serikali kuu anasema mambo hayo yaligatuliwa. Sisi tuko katikati, tunakohoa.

2. Chukueni Dandora. Jaa lile lilifunguliwa 1975, na 2001 likatangazwa kuwa limejaa. Malori yakaendelea kumwaga. Taka zinaungua, na karibu yake kuna nyumba na shule. Upepo ukigeuka usiku, mama anaziba dirisha kwa kitambaa. Kwake, hiyo ndiyo sera ya hewa.

3. Kwani moshi unafanya nini? Una chembe ziitwazo PM2.5, ndogo karibu mara 30 kuliko upana wa unywele. Pua haizikamati. Zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine zinaingia kwenye damu. Kwa hivyo sio kikohozi na pumu tu, hata moyo na kiharusi vimo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilisema wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa.

4. Sasa fungueni Katiba. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Jedwali la Nne linaipa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa, kuzoa taka na kusimamia majaa. Serikali kuu nayo imepewa ulinzi wa mazingira na sera ya afya. Wote wawili wana kazi. Akikwambia "si mimi", muulize alisoma ukurasa gani.

5. "Lakini jaa likifungwa, wanaookota plastiki na vyuma watakula nini?" Swali la haki kabisa. Ila hao ndio wanaovuta moshi kutushinda sote. Sheria ya taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe na kaunti ziwe na vituo vya kuzichambua. Kazi yao ihamie huko, pasipo moto. Msikubali kuambiwa mchague chakula ama pumzi.

6. Akija kuomba kura, muulizeni matatu tu: Pesa ngapi za kupima hewa ziko kwenye bajeti ya mwaka huu? Mashine ziko wapi? Matokeo tunayaona wapi?

7. Na mkijibiwa hewa tupu, Kifungu cha 70 kinawaruhusu kwenda kortini bila kuthibitisha kwamba kuna mtu ameshaumia. Yaani sheria haitungojeshi hadi mtoto alazwe. Mbona sisi tungoje?

Mpitishie jirani.